Kaka Ananilipia Hisabati, Lakini Furaha Yangu Iko kwenye Kiswahili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Busia, upande wa Uganda. Niko mwaka wa pili wa shahada ya sayansi, hisabati na takwimu, katika chuo ambacho sitakitaja. Masomo yote ni kwa mtandao, chuoni tunaitwa wakati wa mitihani ya mwisho tu. Mchana nakaa kwenye kibanda cha mama cha pesa za simu, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Jioni kuna kupika na kuosha vyombo. Nasoma usiku, bando likiwa rahisi na watu wamelala.

Ada analipa kaka yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa historia katika sekondari ya serikali. Mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada ukafika shilingi milioni nne kwa mwezi, yeye na wenzake wa masomo ya sanaa walibaki kwenye kama milioni moja. Wakagoma, wakarudi darasani, na mwaka 2025 wakagoma tena. Pale shuleni kwake kuna kijana wa fizikia ambaye kaka alimfundisha mwenyewe akiwa mtoto. Leo wanakaa chumba kimoja cha walimu, na kijana anapokea karibu mara nne ya mwalimu wake. Kaka si mtu wa kulalamika. Lakini siku matokeo yangu ya UACE, mtihani wa kumaliza S.6, yalipotoka (nilisoma PEM, yaani fizikia, uchumi na hisabati, na hisabati nilifaulu vizuri) aliniambia neno moja tu: "Wewe hutapitia haya." Shahada hii ilianzia hapo. Hakunilazimisha. Nilikubali kwa moyo mweupe kwa sababu hisabati nilikuwa naipenda kweli. Wakati wa korona, shule zilipofungwa, niliisoma nyumbani mezani na kaka. Yeye hisabati haijui, alikuwa anakaa tu na chai yake, ananiuliza "Kwa nini umefanya hivyo?" mpaka wakati mwingine nakasirika.

Sasa kuna somo la uchanganuzi (analysis). Tumeacha kukokotoa, kazi ni kuthibitisha. "Kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, ipo delta..." Nikimwangalia mhadhiri kwenye video naelewa kila mstari. Nikiizima simu na kuchukua karatasi, hata mstari wa kwanza sijui uanzie wapi. Kwenye simu yangu alama nyingine hazionekani, zinakuja vijisanduku vitupu. Kuna jaribio niliandika 0.5, mfumo ulikuwa unataka 1/2, nikapewa sifuri. Niliandika barua pepe, jibu likaja muhula ukiwa umeshafungwa. Kundi letu la WhatsApp linachangamka usiku wa kukusanya kazi: mmoja anatuma picha ya majibu, wengine "asante sana", basi. Ukiuliza hatua ya tatu imetoka wapi, unatumiwa kikatuni kinachocheka. Mtihani wa mwisho nimepata 41, na kupita ni 50. Natakiwa kuurudia, na kuurudia kunalipiwa.

Wakati huohuo, shule moja ya binafsi hapa karibu ilikosa mwalimu wa Kiswahili. Mtaala mpya unakitaka kwa S.1 na S.2, madarasa mawili ya kwanza ya sekondari, walimu hawapatikani. Mwalimu mkuu alinisikia nikiongea Kiswahili na wateja wa ng'ambo ya mpaka, wa Kenya, akaniomba nishike vipindi vichache kwa wiki. Malipo ni ya kununulia sabuni. Lakini Shangazi, nikiingia darasani kule nasahau hata njaa. Juzi watoto walibishana mpaka kengele ikalia kama basi ni "limefika" au "imefika", na hawakutaka kutoka. Mwalimu mkuu anasema nikisoma shahada ya ualimu wa Kiswahili, nafasi ni yangu.

Kaka hajui lolote, si kuhusu 41 wala kuhusu haya mawazo. Nikimwambia nataka kuhamia sanaa, si ni kama kumwambia narudi kwenye shimo alilotoka kunitoa? Na je, kama ninachokimbia ni ugumu tu? Katika darasa letu wasichana tuko wachache, na naogopa kuwa yule anayesemwa kila siku, msichana aliyeshindwa na hisabati.

Aliyekwama, Busia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako polepole, kisha nikarudi kwenye sehemu moja ambayo wewe uliipita haraka. Nitafika hapo.

Kwanza niseme ninavyokuelewa. Uko katikati ya mambo matatu na umeyafanya kuwa moja. Kuna hisabati yenyewe, kama unaipenda bado au la. Kuna namna unavyoisoma, usiku, peke yako, kwenye kioo cha simu. Halafu kuna kazi itakayokuja baadaye na mshahara wake, ambayo ndiyo iliyomfanya kaka atoe pesa. Barua yako inasema "hisabati" mara nyingi, lakini malalamiko yako karibu yote ni ya jambo la pili. Vijisanduku, 0.5 na 1/2, barua pepe iliyochelewa kujibiwa, kundi linalogawana majibu. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni hisabati. Huenda hisabati nayo imekuchosha, sikatai. Ila kwa ushahidi ulionipa siwezi kujua, na nina wasiwasi kwamba wewe pia hujui.

Sehemu niliyoirudia ni ile meza ya nyumbani. Unasema kaka hajui hisabati, alikuwa anakaa na chai na kuuliza "kwa nini". Kabla ya kukujibu nilizungumza na mwalimu mmoja wa hisabati ninayemfahamu, nikamsomea ile habari ya epsiloni na delta. Akacheka, akasema wanafunzi wengi waliokuwa hodari S.6 hugonga ukuta hapohapo, kwa sababu kule walizoea kutafuta jibu, na hapa jibu wameshapewa, wanatakiwa kusema kwa nini ni kweli. Akanionyesha kwa mfano ambao hata mimi niliuelewa. Thibitisha kwamba x ikikaribia 2, basi 3x inakaribia 6. Mtu mmoja anauliza: unataka 3x iwe karibu na 6 kiasi gani? Kiasi anachokitaja ndicho epsiloni. Wewe unaangalia: umbali wa 3x kutoka 6 ni mara tatu ya umbali wa x kutoka 2. Basi unamjibu, nipe x iliyo karibu na 2 kwa chini ya theluthi ya kiasi chako, na utapata unachotaka. Hiyo theluthi ndiyo delta. Kumbe ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja anadai na mwingine anajibu. Na wewe ulikuwa na mdai wako mezani, bure, anakukera na "kwa nini" zake. Sasa upande wa pili wa meza hakuna mtu.

Haya si mawazo yangu matupu. Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Stanford, aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, na imani hiyo inatoka wapi. Inatoka kwanza kwenye kulifanya na kufaulu. Inatoka pia kwenye kumwona mtu kama wewe akilifanya, kwenye kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na kwenye hali ya mwili wako wakati huo. Jipime uone. Wenzako huwaoni wakihangaika, unaona picha ya jibu lililokamilika tu, kwa hiyo unadhani kila mtu anajua isipokuwa wewe. Wa kukutia moyo hujibu baada ya muhula. Na mwili unafika kwenye somo ukiwa umeshauza mchana kutwa na kupika jioni. Mwanafunzi wa mtandao anaweza kufikia hitimisho kwamba sayansi si yake, wakati kilichomwishia ni vitu hivi.

Usinielewe kwamba nasema mtandao haufai. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilikuwa kinafundisha sayansi kwa watu waliokaa majumbani mwao, wengi wao wafanyakazi. Lakini kiliwatumia vifaa vya majaribio kwa posta, kikawapa wakufunzi wa karibu na makwao, na wakati wa kiangazi kikawakusanya mahali pamoja. Vyuo vyetu vingi viliingia kwenye mtandao kwa kukimbizwa na korona mwaka 2020, na vingine, niseme ukweli, vilihamisha video tu na kumwacha mwanafunzi ajitafutie mengine.

Kwa hiyo swali lako "je, nakimbia ugumu?" mimi ningeliahirisha. Kabla ya mtihani wa marudio, jaribu kuisoma hisabati kwa namna nyingine, muhula mmoja tu, uone kama kitu kinabadilika. Chapisha maelezo ya somo kwenye karatasi pale stendi, vijisanduku vitaisha, na gharama yake ni ndogo kuliko mabando. Tafuta kwenye lile kundi mtu mmoja au wawili walioko Busia, Tororo au hata Mbale, mkutane Jumamosi na kuulizana kwa sauti. Muulize mhadhiri kama ana saa za kuzungumza moja kwa moja. Kuna hatari hapa pia: unaweza kufanya yote haya, ukapata 60, na bado ukagundua huipendi. Angalau utakuwa umeondoka ukijua unachokiacha.

Kuna jambo jingine dogo. Unasoma hisabati na takwimu, lakini takwimu hukuilalamikia hata kidogo. Vipi huko? Watu wa takwimu hawashindi na epsiloni. Mwaka 2024 nchi ilihesabu watu kwa kutumia vishikwambi, na kazi ya kusafisha na kusoma data kama zile inaendelea kila siku katika Ofisi ya Takwimu, benki, kampuni za bima na idara za afya za wilaya. Nafasi si nyingi, na nyingi ziko Kampala, sitakudanganya. Ila kaka yako na wewe mmekuwa mkizungumza kana kwamba mlango wa hisabati ni mmoja, ualimu.

Na huo mlango wenyewe tuutazame vizuri. Ile milioni nne ni ya mwalimu aliye kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Mwalimu wa sayansi wa shule ya binafsi hulipwa anachoweza mwenye shule, na walimu wa namna hiyo ni wengi. Kuingia serikalini ni mpaka Tume ya Utumishi wa Elimu itangaze nafasi na uipate. Tena shahada yako, kama nilivyoielewa, ni ya sayansi tupu, haina ualimu ndani yake. Ili usajiliwe kuwa mwalimu utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu baada yake, yaani ada nyingine na muda mwingine. Je, kaka analijua hilo? Ukifanikiwa kupita kote huko, tofauti ya mshahara ni kubwa na itabadilisha maisha ya nyumba yenu, hilo siwezi kulibeza. Lakini ni mpango wenye hatua nyingi, na mishahara hii ilipangwa na siasa. Iliongezwa kwa agizo mwaka 2022, na walimu wa sanaa wanaendelea kudai yao ahadi baada ya ahadi. Utakayoikuta ukimaliza hakuna anayeweza kukuapia.

Njoo kwenye Kiswahili. Watoto wanaokataa kutoka darasani kwa sababu ya ngeli, hiyo ni karama, binti yangu, na walimu wenye uzoefu wa miaka ishirini wangeilipia. Nafasi nayo ipo: Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima, na shule zinahangaika kupata walimu kama ulivyoona mwenyewe. Ninyi wa mpakani mmekizungumza tangu utotoni.

Hata hivyo naomba ujiulize, unapoingia darasani kule, unachokipenda ni Kiswahili au ni kufundisha? Kwa barua peke yake siwezi kutofautisha. Mwombe mwalimu mkuu akupe kipindi kimoja cha hisabati cha S.1 kwa wiki chache. Ukiona furaha ni ileile, basi huenda sura zile za watoto ndizo ulizokosa kwenye simu. Ukiona unatazama saa, nalo ni jibu.

Ahadi ya mwalimu mkuu ni nzuri lakini ni ya mdomo, na shule za binafsi hubadilisha wakuu, hufungwa, huishiwa. Halafu kuna vikwazo vya karatasi. Kwa kawaida anayeomba shahada ya ualimu hutakiwa awe na masomo yake mawili ya kufundishia kutoka ngazi ya A (S.5 na S.6). Wewe ulisoma fizikia, uchumi na hisabati. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kuhamia huko si kubadilisha fomu tu, huenda ukaanza mwaka wa kwanza, na huenda ukatakiwa kupitia kozi nyingine kwanza. Kwa upande mwingine, masomo hayohayo yanakuruhusu kuomba shahada ya sayansi na elimu, darasani, ana kwa ana. Kampasi ya Nagongera ya Chuo Kikuu cha Busitema, kule Tororo, inafundisha walimu wa sayansi, na si mbali na kwenu. Hapo ungepata hisabati, ualimu na watu, ila ungepoteza mchana wa kibandani, na sijui mama ataupokeaje.

Unaweza pia kuomba kusimamisha masomo mwaka mmoja ufikirie. Watu huipenda njia hii kwa sababu haina kelele. Hatari yake ni kwamba mwaka huo hujazwa na kibanda, na wengi hawarudi.

Kuhusu kuwa "msichana aliyeshindwa na hisabati". Hapo wilayani kwenu, makamu mkuu wa kwanza wa Busitema alikuwa mwanamke na mwanasayansi, Profesa Mary Okwakol wa zuolojia, ambaye baadaye aliongoza bodi ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Namtaja ili ujue njia ipo na imeshapitiwa. Simtaji ili uone aibu. Ukibaki kwenye sayansi, ubaki kwa sababu yako. Kubeba heshima ya wasichana wote kwenye karatasi moja ya mtihani ni mzigo ambao wavulana wanaofeli somo hilohilo hawabebeshwi, na sioni kwa nini uubebe wewe.

Sasa kaka. Unadhani ukimwambia atasikia kwamba pesa yake imepotea. Huenda. Anaweza kukasirika, anaweza hata kusitisha ada, na hilo ulipime kabla ya kufungua mdomo, ujue kama utaweza kujilipia marudio. Lakini sikiliza alichosema: "Wewe hutapitia haya." "Haya" ni nini kwake? Ni mshahara? Au ni kukaa chumba kimoja na kijana uliyemlea huku serikali inakuambia kazi yake ni ya maana kuliko yako? Ukimuuliza, na kumsikiliza mpaka mwisho, huenda mkajikuta mnazungumzia kitu tofauti kabisa na hisabati. Kumbuka pia kwamba yeye ni mwalimu. Habari ya wanafunzi kugoma kutoka darasani inaweza kumgusa kuliko unavyotarajia. Au ikamuuma, kwa sababu darasa zuri analo na yeye, na halijamlipa.

Ningependa umweleze mwenyewe, asisikie kwa mama wala kwa mtu wa sokoni. Usimpigie wiki ya kulipa ada, wala siku anayotoka kwenye kikao cha chama cha walimu. Anza na 41, kwa sababu hiyo ni kweli iliyokwisha kutokea na ina gharama inayokuja. Mawazo ya Kiswahili yanaweza kufuata siku hiyohiyo au baadaye, wewe ndiye unayemjua. Na kama yuko karibu, mpe karatasi yenye uthibitisho mmoja na umwombe akuulize zile "kwa nini" zake.

Kabla ya hapo, pata majibu mawili kwa maandishi ili msizungumze kwa kubahatisha. Angalia kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama programu yako ina idhini ambayo haijaisha na kama idhini hiyo ni ya kufundishwa kwa mtandao. Unakumbuka kelele za Mei 2023, orodha ilipoonyesha programu nyingi za vyuo vyetu zimepitwa na muda. Kisha mwandikie msajili wa chuo chako na wa Busitema, uulize ni masomo gani ya mwaka wa kwanza yanaweza kuhamishwa endapo utabadilisha shahada, na tarehe ya mwisho ya kuomba ni lini.

Shangazi